Bourbon Kongwe ya Nguvu ya Pipa: Namna ya Kuionja na Kuipima

Chupa ya bourbon kongwe ya nguvu ya pipa, yaani wiski ya Marekani isiyopunguzwa kwa maji kabla ya kutiwa chupani, hupandishwa bei na mambo matatu yaliyoandikwa kwenye lebo: umri, nguvu, na jimbo ambako wiski ilikenekwa. Tuchukue chupa ya mfano: miaka 15, asilimia 57 ya pombe, imekenekwa Tennessee, imetiwa chupani Kentucky na kampuni isiyo na mtambo wake wa kukenekea. Wanunuzi wengi husoma mambo hayo kama alama za mtihani, wakiamini kwamba namba kubwa huishinda ndogo. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalosema kama kinywaji kilichomo ni kizuri. Yote yanaeleza historia ya wiski tu, na anayeonja anatafuta historia hiyo imeacha nini kinywani.

Kwa bourbon kongwe, swali kubwa ni kama mbao zimeimeza nafaka. Jibu lake hufichwa na nguvu ya pombe, kwa sababu ulimi unaoungua hautofautishi ukali wa pombe na ukavu wa mbao. Hatua zote zinazofuata, kuanzia kusoma lebo hadi kupima maji kwa sirinji, zina kazi ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Miaka hufanya nini ndani ya pipa

Kwa sheria ya Marekani, bourbon ni wiski iliyotengenezwa nchini humo kwa mchanganyiko wa nafaka ambao angalau asilimia 51 ni mahindi. Hukenekwa isizidi asilimia 80 ya pombe, huingizwa katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani ikiwa haizidi asilimia 62.5, na hutiwa chupani isipungue asilimia 40. Rangi na ladha za kuongeza haziruhusiwi, kwa hiyo wekundu wote unaouona kwenye glasi umetoka kwenye mbao. Neno "straight" likiwepo, wiski imekaa pipani si chini ya miaka 2, na ikiwa haijafika miaka 4 umri wake lazima uandikwe. Umri unaoandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo, hata kama sehemu yake katika mchanganyiko ni ndogo kiasi gani.

Upya wa pipa ndio unaoifanya bourbon izeeke tofauti na wiski ya Scotland. Kule, mapipa mengi yameshatumika, na mengi yao yalibeba bourbon kwanza. Mbao zimekwisha kutoa nguvu yake kubwa, na hewa ni ya baridi. Miaka 15 huko ni ujana uliokomaa. Kentucky, Indiana na Tennessee zina kiangazi cha joto kali na majira ya baridi ya kuganda. Joto likipanda, wiski hutanuka na kupenya ndani ya mbao. Baridi ikiingia, hujikunja na kutoka ikiwa imebeba ilichokiyeyusha. Hali hiyo ikirudiwa kwa miaka 15 katika pipa jipya, hatari haiko tena kwenye uchanga bali kwenye mbao kupita kiasi.

Inafaa kujua hasa wiski inachukua nini humo. Ligini, kiungo kinachozipa mbao ugumu, ikipashwa moto huzaa vanilini, yaani harufu ya vanila. Hemiselulosi huvunjika kuwa sukari zilizoungua, ndiyo maana karameli na sukari guru hutajwa katika karibu kila bourbon. Laktoni za mwaloni huleta nazi. Eugenoli huleta karafuu, na hapa mtu wa Zanzibar ana faida ya pua: ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu yanayokenekwa Pemba. Tabaka la mkaa ndani ya pipa huchuja baadhi ya harufu mbaya za salfa zilizotoka mtamboni. Halafu kuna tanini, ambayo kwa kiasi huipa wiski mwili na uti wa mgongo, na ikizidi hukausha fizi na kuacha uchungu. Vanila na karameli hutoka mapema na kwa wingi. Tanini huzidi kujikusanya kadiri miaka inavyokwenda, huku kiasi cha wiski ndani ya pipa kikipungua.

Kupungua huko si kidogo. Pipa la kawaida hubeba takriban lita 200. Tukichukua hasara ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo si ya kutia chumvi kwa Kentucky, baada ya miaka 15 zimebaki lita 108 hivi, bila kuhesabu zilizolowa kwenye mbao. Kwa hasara ya asilimia 5 hubaki 93. Kilichobaki kimekolea, na kama kulikuwa na uchungu, nao umekolea. Sehemu ya bei unayolipa ni ya wiski iliyokwenda hewani.

Namba ya nguvu inasimulia nini

Lebo za Marekani huandika nguvu kwa "proof", ambayo ni mara mbili ya asilimia ya pombe: 114 ni asilimia 57. Maneno "barrel proof" au "cask strength" yana maana kwamba wiski haikupunguzwa kwa maji kabla ya kutiwa chupani. Sheria inaachia tofauti ndogo tu isiyozidi digrii 2 za proof, yaani asilimia 1 ya pombe.

Sasa kumbuka kile kikomo cha asilimia 62.5 cha kuingilia pipani. Ukiona chupa yenye asilimia 66, una uhakika wa jambo moja: maji yametoka kwenye pipa hilo haraka kuliko pombe. Hilo hutokea orofa za juu za ghala, kwenye joto na ukavu. Chini, kwenye ubaridi na unyevu, nguvu hubaki palepale au hushuka. Maghala mengi ya Kentucky ni marefu, yenye orofa kadhaa, na mapipa mawili yaliyojazwa siku moja, moja juu na moja chini, huweza kutoka yakiwa vinywaji viwili tofauti. Kwa hiyo bourbon ya miaka 15 yenye asilimia 57 inatia moyo kuliko ile yenye 67, kwa sababu inaelekea ilikaa mahali pa utulivu. Ni kidokezo tu, kwani pia inawezekana iliingia pipani ikiwa na nguvu ndogo. Hadi mwaka 1962 kikomo cha kuingilia kilikuwa asilimia 55, na wako watengenezaji ambao hata leo hujaza chini ya kikomo kwa makusudi.

Jambo la vitendo kwa anayeletewa chupa na ndugu aliyeko Marekani: kinywaji kinachozidi asilimia 70 hakiruhusiwi kabisa kwenye ndege, si mkononi wala kwenye sanduku. Kati ya asilimia 24 na 70, kila abiria ana kikomo cha lita 5, katika chupa ambazo hazijafunguliwa. Bourbon chache za mapipa makali huvuka mstari huo wa 70, na huishia kuachwa uwanja wa ndege.

Anayekeneka na anayeuza

Sehemu kubwa ya bourbon kongwe zenye majina mapya haikukenekwa na wenye majina hayo. Haiwezekani iwe vinginevyo: kampuni iliyoanzishwa miaka 6 iliyopita haina pipa lake la miaka 15. Imenunua mapipa kutoka kwa mwenye mtambo mkubwa au kwa dalali.

Chanzo kinachojulikana zaidi ni mtambo wa Lawrenceburg, Indiana, kando ya Mto Ohio. Kwa miongo mingi ulikuwa mali ya kampuni ya vinywaji ya Seagram; mwaka 2011 ukanunuliwa na kampuni ya MGP, na tangu 2021 unaitwa Ross & Squibb. Bourbon zake mbili kuu zina mchanganyiko wa nafaka unaojulikana. Moja ni mahindi asilimia 75, rai (nafaka ya jamii ya ngano) 21 na kimea cha shayiri 4. Ya pili ni mahindi 60, rai 36 na kimea 4. Tofauti hiyo huonekana kinywani: penye rai nyingi kuna pilipili manga, mdalasini na mnanaa, penye rai chache utamu wa mahindi hutangulia.

Chanzo cha pili, hasa kwa bourbon za miaka 13 na kuendelea, ni Tennessee. Nyingi hutoka mtambo wa Cascade Hollow karibu na Tullahoma, unaotengeneza wiski ya George Dickel, wenye nafaka za mahindi 84, rai 8 na kimea 8. Maghala yake hayana ghorofa, na joto husambaa sawasawa kwa mapipa yote, jambo linalosaidia kueleza kwa nini wiski yake hustahimili miaka mingi bila kugeuka ubao mtupu. Ina alama yake pia, ladha ya madini inayokaribia vidonge vya vitamini. Wengine huipenda na wengine hawaivumilii. Ukiikuta, usiiandike kama kasoro ya umri. Ni tabia ya mtambo, na ingekuwepo hata katika chupa changa.

Kwenye lebo, tafuta mistari miwili. "Distilled by" ikifuatwa na jina la kampuni ina maana wao ndio waliokeneka. "Produced by" na "Bottled by" hazisemi hivyo. Ikiwa jimbo la kukeneka ni tofauti na lile la anwani iliyo kwenye lebo, sheria inataka litajwe, na ndipo utaona "Distilled in Indiana" kwa herufi ambazo mara nyingi ni ndogo kuliko zote. Kununua mapipa si aibu. Aibu ni kuficha. Mwaka 2015 Templeton Rye ya jimbo la Iowa ilimaliza kwa makubaliano kesi ya wateja waliodai waliaminishwa kuwa wiski hiyo ilikenekwa Iowa, kumbe ilitoka Indiana.

Mnunuzi wa mapipa ana kazi halisi, na ndiyo unayoipima. Anachagua mapipa gani yachanganywe na gani yaachwe. Anaamua siku ya kuyamwaga na kuihamishia wiski kwenye matangi ya chuma, ambamo kuzeeka husimama. Uamuzi huo wa mwisho ndio unaotenganisha bourbon ya miaka 15 iliyosimama vizuri na ile iliyoachwa hadi 17 kwa sababu namba 17 inauzika.

Kabla ya kumimina

Glasi iwe ndogo, pana chini na nyembamba juu, kama ya Glencairn au glasi ndogo ya sheri. Unahitaji tatu zinazofanana. Ya mdomo mpana hutawanya harufu, na ya kunywea maji ya kawaida hukupa pombe tupu puani. Zioshe kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, kisha ziache zikauke zenyewe. Glasi iliyofungiwa kabatini hushika harufu ya mbao za kabati, na harufu hiyo hufanana vibaya na unachokitafuta.

Nunua duka la dawa sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano. Bila hiyo, habari ya "matone machache ya maji" ni kubahatisha.

Maji yawe ya chupa, yenye madini machache. Maji ya bomba yenye klorini huharibu harufu, na ya kisima cha pwani yana chumvi inayosikika hata kwa mililita 2.

Joto lina uzito zaidi ya watu wanavyodhani. Mahali pazuri ni nyuzi 18 hadi 22. Katika chumba cha nyuzi 30 cha Mombasa au Dar es Salaam, pombe ya asilimia 57 hupanda kwa kasi na kuchoma pua kabla hujapata chochote. Weka chupa katika beseni la maji ya baridi kwa dakika 15, au onjea penye kiyoyozi. Barafu usitie wakati wa kupima: ubaridi hulaza harufu na kuacha uchungu ukijitokeza.

Usionje mara baada ya mlo wenye pilipili, kahawa au sigara. Saa moja ya kusubiri inatosha.

Kumimina na kunusa

Mimina mililita 10 katika kila glasi. Ya kwanza iache kama ilivyo. Kwa chupa yetu ya asilimia 57, glasi ya pili iongeze maji mililita 1.4, nayo itafika takriban asilimia 50. Ya tatu iongeze 2.7, ifike 45. Hesabu yake ni rahisi: zidisha mililita za wiski kwa asilimia yake, gawanya kwa asilimia unayoitaka, kisha toa mililita ulizoanza nazo. Kwa wiski ya asilimia 62, namba hizo huwa 2.4 na 3.8, kwa ya 65 ni 3 na 4.4. Zifunike kwa visahani na uziache dakika 10 hadi 15. Wako wanaoshikilia kwamba kila mwaka wa pipani udai dakika moja ya kusubiri. Hiyo haina msingi wowote. Dakika 15 zinatosha kuruhusu mvuke wa kwanza wa pombe uondoke.

Glasi tatu za mililita 10 zina pombe halisi ya gramu 13 na nusu, karibu kipimo kimoja kamili cha Marekani ambacho ni gramu 14. Ukilinganisha chupa kadhaa, weka chombo cha kutemea. Pua na ulimi hulegea mapema kuliko mtu anavyojihisi, na alama zinazotolewa baada ya chupa ya tatu bila kutema hazina thamani.

Anza kunusa na glasi ya asilimia 45, kisha 50, na ile kali iwe ya mwisho. Shika glasi usawa wa kidevu, fungua midomo kidogo, vuta hewa kifupi, halafu ipandishe taratibu hadi harufu isomeke bila kuchoma. Kuizungusha kwa nguvu kama divai ni kosa la kawaida sana: kwa asilimia 57 unachokiinua ni pombe tu. Pua ikichoka, nusa mgongo wa mkono wako usiopakwa kitu, kisha urudi.

Tafuta kwa mpangilio. Kwanza nafaka: je, kuna utamu wa mahindi, mkate, viungo vya rai? Pili matunda, yanayotokana na esta, yaani viungo vyenye harufu ya matunda, za uchachuaji na za miaka: ndizi mbivu, tofaa, cheri, zabibu kavu, tende. Tatu mbao: vanila, nazi, karafuu, ngozi, tumbaku, ubao uliorandwa. Bourbon kongwe nzuri ina zote tatu, hata kama mbao ndizo zenye sauti kubwa. Ukikuta tumbaku, ngozi na ubao, na chini yake hakuna tunda wala nafaka hata kwa asilimia 45, umeshapata nusu ya hukumu.

Kwa nini maji hufungua harufu? Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walichunguza kwa mifano ya kompyuta mwenendo wa gwayakoli, kiungo chenye harufu ya moshi kinachotokana na ligini. Penye pombe hadi asilimia 45, gwayakoli ilikaa karibu na uso wa kimiminika, mahali pua inapofikia. Penye zaidi ya asilimia 59, ilizungukwa na pombe na kubaki ndani. Hicho ni kiungo kimoja kati ya mamia, kwa hiyo tusikitandaze juu ya wiski nzima. Hata hivyo kinaeleza vizuri kwa nini glasi yenye nguvu kubwa huweza kunukia kidogo kuliko iliyoongezwa maji.

Kinywani

Tone la kwanza, mililita 1 hivi, ni la kuuzoesha mdomo. Usilipime. Pombe kali huamsha kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, hichohicho kinachoitikia pilipili na joto la kuunguza, na mara ya kwanza kila wiski ya asilimia 57 huonekana kali tu. Subiri dakika moja, kisha chukua mililita 4, izungushe juu ya ulimi na pembeni kwa sekunde 10, meza au tema, na utoe pumzi kwa pua ukiwa umefunga mdomo. Hapo ndipo harufu za nyuma hufika.

Kuna ukali wa aina tatu, nao huchanganywa kila siku. Wa pombe huunguza, huanzia mbele ya ulimi na kushuka kooni, na hupoa mapema. Wa rai unafanana na pilipili manga na tangawizi; una harufu yake na hukaa katikati ya ulimi. Wa tanini hauunguzi kabisa: hukwaruza. Hushika protini za mate, na fizi na mashavu kwa ndani huhisi kukauka, kama baada ya chai iliyochemka na majani yake hadi ikawa nyeusi.

Jaribio lenyewe liko katika kulinganisha glasi kali na ile ya asilimia 45. Ikiwa moto na ukavu vimeshuka pamoja, ulichokuwa ukikisikia kilikuwa pombe, na mbao ziko sawa. Ikiwa moto umeshuka lakini fizi bado zimekauka, na uchungu sasa umejitokeza mbele zaidi, hizo ni tanini. Pipa lilikaa mno. Hali ya pili huwashangaza watu waliosifu chupa hiyohiyo ikiwa kali. Walichokisifu ni moto na utamu wa pombe vilivyokuwa vimefunika uchungu.

Kuna matokeo ya tatu: kwa asilimia 45 wiski inakuwa nyembamba, tamu kidogo, haina kitu. Hii hutokea zaidi kwa bourbon changa zinazouzwa kwa nguvu zake. Kongwe iliyotunzwa vizuri huwa na mafuta yanayobaki ulimini hata ikipunguzwa. Na ikiwa glasi yako bora ni ile ya asilimia 50, huo si udhaifu wa wiski. Nguvu ya pipa inakupa nafasi ya kuchagua mwenyewe mahali pa kusimama. Hakuna sheria inayokudai uinywe ikiwaka.

Mwisho wa ladha upimwe kwa saa, si kwa hisia. Chini ya sekunde 15 ni mfupi, na zaidi ya dakika moja ni mrefu. Kisha andika ni nini kilichobaki. Urefu peke yake hausemi lolote, kwani uchungu wa ubao hudumu kuliko kitu chochote kingine. Unataka utamu au kiungo vibaki pamoja na ukavu hadi mwisho.

Dalili zinazodanganya

Chembe nyeusi chini ya chupa ni mkaa wa pipa, kawaida kwa bourbon zisizochujwa sana. Ukungu mweupe unaotokea baada ya kutia maji hutokana na esta za asidi za mafuta ambazo haziyeyuki vizuri pombe ikishuka chini ya asilimia 46 hivi. Ni ishara kwamba wiski haikuchujwa kwa ubaridi, na haina dosari. Rangi nyeusi mno haithibitishi ubora, maana orofa za juu hutia giza mapema.

Kasoro halisi ni hizi. Harufu ya rangi ya kucha isiyoondoka baada ya dakika 15. Kabichi iliyochemshwa au yai, ambayo ni salfa na ilipaswa kuchujwa na mkaa miaka mingi nyuma. Boksi lililolowa au uvundo wa ukungu, ambao mara nyingi hutoka kwenye kizibo. Kwa huo rudisha chupa dukani, usiihukumu wiski. Kama chupa ilikuwa imefunguliwa, uliza tangu lini. Ikiwa imebaki chini ya robo kwa miezi kadhaa, hewa imeshaipooza, na alama utakazotoa si zake. Chupa isimamishwe wima daima, kwani pombe ya nguvu hii hula kizibo kikilazwa.

Kulinganisha na kuandika

Chupa moja peke yake haipimiki vizuri. Weka mbili za rejea, kila moja ikishika jambo moja. Wild Turkey Rare Breed, yenye asilimia 58.4 na isiyoandikwa umri, inakuonyesha nguvu ya pipa bila uzee mkubwa. Knob Creek ya miaka 12, yenye asilimia 50, inakuonyesha uzee bila nguvu ya pipa. Mtu mwingine azimimine, atie namba chini ya glasi, na wewe usijue ipi ni ipi hadi uandike. Kama katika hali hiyo chupa ya bei ya juu haizipiti hizo mbili, bei yake ilikuwa ya namba kwenye lebo.

Glasi tupu ziache usiku kucha bila kuziosha. Asubuhi pombe imekwisha, na kilichokauka ukutani kinasomeka peke yake: asali, vanila na tumbaku ni habari njema, majivu na ubao uliolowa ni mbaya. Ongeza matokeo hayo kwenye maandishi ya jana badala ya kuyafuta.

Pamoja na maoni yako, andika namba ya toleo au ya pipa, asilimia, jimbo, tarehe uliyofungua na kiasi kilichokuwa chupani. Kwa wiski ya mapipa ya kununuliwa, toleo linalofuata lenye jina na lebo ileile huweza kuwa limetoka kwa mtambo mwingine kabisa, na sifa ulizoliandikia la kwanza hazilihusu.